Boti Iliyofutwa kwenye Rada

Riyama alipanda ngazi mbili mbili, kompyuta yake ya ThinkPad kwapani, buibui limekunjwa mkononi.

Nyuma yake, viatu vya wanaume wawili.

Alikuwa ametoka kunakili draiva ya wafanyamagendo, programu yao ya siri, chini kwenye afisi yao ya Mkunazini. Ghorofa ya pili mlango ulikuwa wazi: harusi. Wanawake sitini waliovua mabuibui, udi, biriani, na umbea wa kutosha mji mzima. Akajitosa, akakaa karibu na Bi Shariffa, bibi wa biharusi.

"Shikamoo, Bi. Nnakimbizwa na wanaume."

"Marahaba. Kula visheti."

Bi Shariffa akainuka kwenda mlangoni.

Simu ikatetemeka. Bi Ulfat, mkuu wake wa Idara ya Usalama.

"Toka humo. Boti yao ya silaha inafika Bwejuu dakika kumi zijazo. Doria haiioni kwenye rada."

"Sitoki. Nshajua kwa nini haiioni."

Draiva waliyoipandikiza kwenye kompyuta ya rada ya doria ilikaa ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, ambako programu za kawaida hazitii mguu. Lakini ilichangia ukurasa mmoja wa kumbukumbu na programu ya skrini. Draiva ikiandika, skrini inasoma papo hapo. Pembeni ya ukurasa palikuwa na nafasi moja: namba ya boti ya kufichwa.

Kumi na nne.

Wafanyamagendo wenyewe, huko baharini, waliongozwa na picha ile ile ya rada waliyoiiba. Na Hamid, fundi wao, kwa uvivu wa kuomba ruhusa kila mara, aliuacha ukurasa uandikwe na programu yoyote.

Riyama akafungua ThinkPad, akaingia kwa mtandao kwenye kompyuta ya rada; akaunti yake ilikuwa ya mtumiaji wa kawaida. Ilitosha.

"Tunamtafuta mwizi," Hamid alisema mlangoni. Pembeni yake bosi wake, Laszlo, na bastola ya Glock mkononi.

"Wanaume hawaingii humu," Bi Shariffa akajibu. "Na huyo mgeni wako akachezee bunduki kwao. Hamid, mama yako anagawa biriani ndani. Nimwite akuone?"

Wanawake wakasimama, mmoja mmoja, wakaujaza mlango.

Hamid akarudi nyuma hatua mbili. "Bosi, mimi siingii. Mama'ngu yumo."

Riyama akafuta kumi na nne. Akaandika sita.

Namba ya boti ya doria.

Dakika tano baadaye, simu.

"Boti yao imetokea kwenye skrini," Bi Ulfat alisema. "Inatujia moja kwa moja. Mbona hawakwepi?"

"Hawakuoneni. Walitaka boti moja ifichwe. Nimewachagulia nyengine."

Dakika chache baadaye akapiga tena: "Tumewakamata. Vijana wangu wako ngazini kwako."

Riyama akavaa buibui, akambusu Bi Shariffa mkono, akatoka. Laszlo alikuwa ukutani, pingu mikononi.

"Nani alikupa ruhusa ya kuingia kwenye kerneli?" akauliza.

"Sikuingia. Ukurasa mliuacha wazi wenyewe."

Akashuka ngazi, polepole, akila kisheti.