Neptuni Kwenye Kona ya Duka la Dawa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alifagia chumba cha mbele ambamo mama yake alishonea nguo. Aliokota vipande vya vitambaa na kuvitia kwenye kiroba, akapanga nyuzi kwenye kopo, kisha akaburuta sumaku sakafuni kunasa pini zilizoanguka. Kazi ambayo ingemchukua mtu mwingine nusu saa, yeye aliimaliza kwa dakika kumi, na ndiyo maana mama mtu alikuwa akikanyaga pini hadi mchana. Jina hilo la Chapuchapu alipewa na shangazi yake akiwa na miaka minne, likamganda. Alipofika darasa la sita hata mwalimu mkuu alimwita hivyo. Mwenyewe alilipenda, akidhani ni sifa.

Shuleni aliketi dawati moja na msichana mpole aliyeandika namba ndogondogo, zilizonyooka kama mshono wa cherehani. Huyo wenzake walimwita Kikokotoo, kwa sababu alikuwa akitoa jibu la hesabu wakati wengine bado wanatafuta kalamu. Walikuwa marafiki tangu darasa la pili. Mmoja alikuwa na maneno, mwingine alikuwa na akili ya kutulia, na kila mmoja alifaidi cha mwenzake.

Muhula ule walifundishwa mfumo wa jua. Mwalimu wa sayansi aliwaeleza kwamba jua ni nyota, na kwamba sayari nane hulizunguka, kila moja katika njia yake: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Wanafunzi walizikariri haraka wakaziimba kama wimbo. Lakini Kikokotoo hakuridhika na picha ya kitabuni. Alimwonyesha mwalimu kwamba mchoraji alizipanga sayari zikabanana kama abiria kwenye benchi, ilhali namba zilizoandikwa chini ya picha hiyohiyo zilisema jambo jingine kabisa.

Mwalimu alifurahi mno. Alisema siku ya wazazi imekaribia, na badala ya kubandika michoro ukutani, darasa la sita litajenga mfumo wa jua barabarani, kwa kipimo cha kweli. Kikokotoo ndiye angepiga hesabu, na ndiye pia angewaeleza wageni.

Kwa siku nne msichana yule aligawa namba ndefu zenye sifuri zisizoisha. Aliamua kila sentimita moja iwe badala ya kilomita laki moja. Kwa hiyo jua likawa mpira wa sentimita kumi na nne, ambao mama yake Chapuchapu aliushona kwa kitambaa cha manjano na kuujaza vipande. Dunia ikawa kichwa cha pini. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko sayari zote, ikawa gololi. Zohali ilikuwa gololi ndogo iliyovishwa pete ya karatasi, na Neptuni, ya mwisho, ikawa shanga ya bluu. Kilichowashangaza wote ni umbali. Dunia ingekaa mita kumi na tano tu kutoka kwenye jua, lakini Zohali ilihitaji mita mia moja arobaini na tatu, na Neptuni mita mia nne na hamsini. Ingebidi watoke nje ya lango na kuifuata barabara hadi mbali.

Kikokotoo alikuwa na sababu yake ya kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Baba yake alikuwa dereva wa lori la masafa. Alionekana nyumbani siku mbili, kisha akapotea wiki tatu. Hakuwahi kukanyaga shuleni kwa binti yake hata mara moja, si kwa kutotaka. Safari hii aliomba ruhusa kwa tajiri wake mapema, akakubaliwa asubuhi moja. Kikokotoo alimnong'oneza Chapuchapu habari hiyo kama mtu anayeogopa kwamba akiisema kwa sauti itayeyuka.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya wageni, wawili hao walipewa kamba ya mita kumi, kigingi, na vijiti vyenye vibao vya majina. Walipaswa kupima pamoja. Lakini vibao vitatu vilikuwa havijaandikwa, na mwandiko mzuri ulikuwa wa Kikokotoo, kwa hiyo Chapuchapu alisema ataanza peke yake. Mwenzake akampa karatasi ya vipimo, akamkumbusha mara mbili aivute kamba ikaze. Vibao vilivyobaki angemletea vikikauka.

Alianza vizuri. Aliichomeka Utaridi, akaichomeka Zuhura, akafika kwenye Dunia na Mirihi bila tatizo. Kwa kila mita kumi alichomeka kigingi, akavuta kamba, akaweka alama ya chaki, akarudi kung'oa kigingi. Alipofika kwenye Mshtarii, mita sabini na nane, jua lilikuwa likimchoma shingo na magoti yamejaa vumbi. Akahesabu kilichobaki: kamba thelathini na saba nyingine. Kutoka uwanjani alisikia wenzake wakicheza rede, ule mchezo wa kurushiana mpira, na mmoja wao akamwita kwa kuwa upande wao ulipungukiwa mtu.

Kikokotoo alipomletea vibao vilivyobaki, Chapuchapu alimwambia kazi inakwenda vizuri, arudi tu akamsaidie mwalimu kupanga viti. Alipobaki peke yake akaviringisha kamba. Akatembea kidogo, akakisia kwa jicho, akaichomeka Zohali mbele ya duka la madaftari. Uranusi aliiweka mlangoni kwa kinyozi. Neptuni akaichomeka kwenye kona ya duka la dawa, ambako palionekana mbali vya kutosha. Nani, alijiambia, atakayekuja na kamba? Alipata raundi mbili za rede kabla ya kengele.

Kesho yake wazazi walikuja wengi. Baba yake Kikokotoo alifika mapema kuliko wote, amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vilivyong'aa, akasimama nyuma kidogo akishika kofia yake mikononi. Mgeni rasmi alikuwa mpima ardhi, mtu mnene mwenye utani, ambaye alikuja na gurudumu lake la kupimia umbali, lile linalosukumwa kwa mpini huku likihesabu mita. Alisema hajapata kuona sayari zikipimwa kwa mita, naye angependa kuzisindikiza.

Chapuchapu alipoliona lile gurudumu, alijua kwamba aliyekuja na kamba ndiye huyu.

Kikokotoo alianza kwa sauti ndogo, lakini ilipanda kadiri alivyokwenda. Aliwaeleza wageni kwamba mwanga wa jua huchukua kama dakika nane kufika duniani. Aliwaonyesha kichwa cha pini, akawaambia kwamba sote tunaishi pale, pamoja na bahari zote na milima yote. Watu wazima wakainama kuangalia pini. Baba mtu alitabasamu hadi macho yakafumba. Hadi kwenye Mshtarii gurudumu lilikubaliana na kila neno lake, na mpima ardhi akampa mkono kwa kila sayari.

Walipofika mbele ya duka la madaftari alimwuliza Zohali iko mita ngapi. Kikokotoo akajibu bila kuangalia karatasi kwamba ni mia moja arobaini na tatu. Mpima ardhi akainama kwenye gurudumu lake, akakuna kidevu, akasema kwake linasoma mia moja na saba. Wakaendelea. Uranusi ilikosea zaidi. Kwenye kona ya duka la dawa binti alisema mia nne na hamsini, na gurudumu likasema mia moja tisini na nane.

"Naona Neptuni imechoka kukaa porini, imehamia mjini," alisema mpima ardhi.

Hakuwa na nia mbaya, na watu walicheka kama watu wanavyocheka mgeni rasmi anapotania. Lakini Kikokotoo aliduwaa mbele ya kibao cha Neptuni. Mwalimu alimwuliza taratibu kama alizirudia hesabu zile. Akasema ndiyo.

"Labda nilikosea kugawa kwenye karatasi ya kupimia, Mwalimu. Zile sifuri ni nyingi."

Chapuchapu alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Alitaka kusema kwamba ni yeye aliyekisia. Alimtazama mwalimu mkuu, akawatazama wazazi, akamtazama mama yake ambaye alikuwa akiwasimulia wenzake kwa fahari jinsi alivyoushona ule mpira wa manjano. Akalimeza neno lake. Mwalimu akamshukuru Kikokotoo kwa juhudi zake, msafara ukageuka, na mambo yakaendelea kwa chai na ngonjera. Saa sita baba yake Kikokotoo alimshika binti yake bega, akamwambia kitu kifupi, akavaa kofia yake na kwenda kulipakia lori.

Jumatatu hakuna aliyelizungumzia tena jambo lile, na Chapuchapu akadhani limepita. Ila wakati wa mapumziko Kikokotoo hakutoka nje. Alikuwa amefungua daftari na kuigawa upya namba ya Neptuni. Akapata mia nne na hamsini. Akafuta, akagawa tena kwa njia nyingine, akapata jibu lilelile. Jumanne alifanya hivyo tena, na Jumatano. Karatasi ilitoboka kwa kifutio. Alikuwa akitafuta kosa lisilokuwemo, na kila alipolikosa alizidi kuamini kwamba hana akili ya kuliona. Darasani aliacha kunyoosha mkono. Alhamisi mwalimu alimwuliza swali rahisi la kujumlisha, naye akajibu kwamba hana hakika.

Siku hiyo Chapuchapu alikula chakula cha mchana bila kukisikia ladha. Mama yake alikuwa mezani akikata kitambaa cha sare. Akamkuta ameshika ufagio lakini hafagii, akamwuliza kama anaumwa. Mtoto akasimulia yote, kamba, rede, na lile neno alilolimeza. Mtoto alipomaliza, mama aliweka mkasi chini.

"Hizo mita ulizozikisia hazinisumbui sana," alisema. "Kinachonisumbua ni kwamba mwenzako anajiona mjinga kwa siku ya sita leo, na wewe unamtazama. Kesho utakiri mbele yake kwanza, kisha mbele ya mwalimu. Sitakusindikiza."

Kesho yake Chapuchapu alimwambia rafiki yake kabla ya kengele, wakiwa wawili tu dawatini. Alikuwa amejiandaa kukaripiwa. Kikokotoo hakumkaripia. Alilifunga daftari polepole, akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo nilipata?"

"Ulipata zote."

Kikokotoo akalaza kichwa kwenye dawati na kulia, na Chapuchapu hakujua kama anaruhusiwa kumgusa.

Mwalimu wa sayansi aliposikia alivua miwani. Alikiri kwamba na yeye alikosa, maana angepaswa kukagua vibao kabla ya wageni, na angepaswa kumwuliza aliyepima kabla ya kumwuliza aliyepiga hesabu. Alimwomba radhi Kikokotoo mbele ya darasa zima. Chapuchapu naye alisimama akasema lake, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. Kisha akapewa kamba.

Alipima upya barabara yote. Kikokotoo alikubali kushika upande wa pili wa kamba, lakini hakusema neno zaidi ya kutaja namba. Safari hii Zohali ilifika kwa kinyozi. Uranusi ilipita gereji, na kwenye kamba ya arobaini na tano walikuwa wamekiacha kinu cha kusaga nyuma yao, wamesimama kwenye kalavati ambako nyumba zinaanza kupungua. Waligeuka. Lango la shule lilionekana dogo, na mpira wa manjano haukuonekana kabisa. Ndipo walipoelewa jinsi Neptuni ilivyo peke yake, na kwa nini mwanga huchukua zaidi ya saa nne kuifikia.

Ijumaa iliyofuata shule nzima ilitembea njia ile. Kikokotoo alieleza kila kituo, na mpima ardhi, aliyeitwa na mwalimu, alikuja na gurudumu lake akasoma mita mia nne na hamsini na moja. Akasema hata ofisini kwake wangelikubali kosa la mita moja. Watu walipiga makofi. Lakini mahali aliposimama mtu mwenye kofia mikononi palikuwa patupu. Lori lilikuwa mbali, na lisingerudi kabla ya wiki moja.

Jumapili Chapuchapu alikwenda nyumbani kwa rafiki yake, kwa kuwa siku hiyo baba mtu hupiga simu. Akaomba kuzungumza naye. Alimwamkia, akamweleza kilichotokea.

"Siku ile nilimwambia asijali, kila mtu hukosea," alisema yule dereva. "Nimeendesha siku zote hizi nikidhani nimemfariji. Kumbe ilikuwa siku ya kumpongeza. Haya, mwanangu, umefanya vizuri kunieleza. Mpe simu."

Kikokotoo alikwenda na simu chumbani, akafunga mlango.

Urafiki wao ulirudi, ingawa si kwa siku moja. Kikokotoo alianza tena kunyoosha mkono. Lakini tangu hapo, Chapuchapu alipompa kipimo chochote, mwenzake alichukua rula na kukipima tena kwanza. Alifanya hivyo bila kununa wala kusema lolote, na Chapuchapu alijifunza kungoja.

Alipomweleza mama yake jambo hilo, akitarajia kuonewa huruma kidogo, mama alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Mwache apime," alisema. "Kazi uliyoikwepa wewe, yeye ndiye aliyeibeba, tena mbele ya baba yake. Umekiri, umerekebisha, na nimefurahi. Lakini ungesema palepale barabarani, ungeona aibu kidogo tu, na yule baba angeondoka akijua mtoto wake ni hodari. Ukikosea tena, na utakosea, sema wakati anayehitaji kusikia bado amesimama pale."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa. Alitamani mama yake angesema kwamba siku ile inaweza kurudiwa, lakini mama hakusema hivyo.