Tiketi ya Philipo

Asubuhi moja ya kawaida nilikuwa kwenye foleni ya tiketi Dar es Salaam, nimebeba chupa ya maji ya bahari. Chupa hiyo ndiyo iliyokuwa maiti yetu.

Bibi yangu Severina, wa kijiji cha Mitundu, mbele ya Manyoni, alikuwa na miaka tisini na mitatu. Kaka yake Philipo, baharia wa miaka kumi na tisa, alizama na meli wakati wa vita vya Hitla. Hakuzikwa. Bibi alitaka amzike kabla yeye mwenyewe hajafa, akaniagiza maji ya bahari iliyommeza.

"Mkatie kiti chake," aliniambia kwenye simu. "Kila mnapofika mwambie. Mkishuka, mwambie ashuke. Alipoondoka, lami haikuwepo."

Nikakata tiketi mbili huku nimenuna. Morogoro nikanong'ona, "Babu, hapa Morogoro." Dodoma abiria wa nyuma wakanicheka, nikachoka na ujinga huo. Manyoni nikashuka na chupa, kimya. Tiketi yake niliiacha kwenye kiti.

Nyumbani Bibi aliitikisa chupa sikioni.

"Haya ni maji tu. Philipo umemwacha wapi?"

Nilikasirika. Safari ya siku nzima, shukrani yenyewe ndiyo hiyo. Akagoma kula.

Siku ya tatu konda wa lile basi akanipigia kwa namba niliyokatia tiketi.

"Kaka, kile kiti mlimwaga nini? Hakikauki. Na abiria wanasema kuna mtu anawauliza kama Manyoni bado."

Nikatoka mbio kwa pikipiki. Nililikuta basi Manyoni, nikapanda. Kiti kilikuwa kimelowa.

Nikanong'ona. "Babu Philipo. Tumefika. Shuka."

Nikarudia, mara hii kwa sauti.

Konda alinitazama kama chizi. Nikashuka peke yangu, nikijilaani. Pikipiki ikaniharibikia njiani, nikafika Mitundu jioni. Watu walikuwa wamejaa uani. Bibi alikuwa amefariki.

Nilitaka kulia, nikaishia kugombana na kila mtu. Shangazi Yustina akanivuta pembeni.

"Tulia. Yule kijana uliyemtanguliza alikaa naye mpaka mwisho. Ila kalowa chapachapa, halafu hana adabu. Mtu mzima kama mama anamwita Severina, bila hata shikamoo."

"Kijana gani?"

Akaniwekea kiganjani kitu alichokitoa kwenye ngumi ya marehemu. Ilikuwa tiketi ya Philipo, imelowa.

Neno moja tu pale Manyoni siku ile ya kwanza, wangekaa pamoja siku tatu. Sikulisema.

Tiketi nimeianika juani tangu Jumatatu. Haijakauka.