Chumba Kisichofutika

Abdulhakim, mtoto wa shangazi yangu, ni fundi wa mitandao. Ijumaa ile aliamka vizuri tu, akanywa chai kwa mkate wa mofa, akapanda ngazi za ofisi yao Mkunazini. Alikuwa na kazi moja: kuitoa sava kwenye kerneli ya zamani, yaani ule moyo unaoiendesha mashine, na kuitia mpya.

Mashine yenyewe waliigawa vyumba. Kila mteja ana chumba chake cha mtandao, hamwoni mwenziwe wala haonwi. Kukifuta ni amri moja. Ila Bi Mwatima, fundi mkubwa aliyemfundisha kazi, alikuwa na mwiko wake: usifute kabla ya kutazama nani yumo ndani. "Chumba hupigiwa hodi, mwanangu," akimwambia kila siku, na vijana wakimcheka.

Mwaka jana Abdulhakim hakupiga hodi. Kwa haraka zake alifuta chumba cha zahanati moja, kutwa nzima madaktari hawapati majibu ya vipimo. Bosi wao, Muhiddin, alipouliza ni kazi ya nani, Abdulhakim akamtaja Bi Mwatima. Eti ulimi ulimteleza! Aliogopa, basi. Mama wa watu akafukuzwa baada ya miaka kumi na tisa. Wanawe wakataka isomwe halbadiri, ile dua ya kumwapiza mkosa asiyejulikana, mwenyewe akakataa. Alisema, "Aliyefanya ataniita mwenyewe, na mimi ntamwitikia." Baada ya miezi mitatu akafariki. Na Abdulhakim alikwenda maziko, akabeba jeneza, akatia udongo kwa mikono ile ile.

Basi akaiwasha mashine na kerneli yake mpya. Mashine ikizimwa vyumba vyote hufa, fundi huvijenga upya. Akakuta kimoja kimeshajengwa, hakina jina.

Akakifuta. Mashine ikakataa, ikasema kinatumika. Akadhani ni kasoro ya kerneli mpya, akarudi kwenye ya zamani. Kipo. Akaipandisha mpya tena. Kipo vile vile. Akachomoa waya wa mtandao, akaushika mkononi. Taa ya tundu lake ikaendelea kuwaka na kuzima.

Ndipo alipokumbuka kutazama nani yumo ndani. Ilikuwemo programu moja tu, na jina la mwenyewe limeandikwa pembeni: mwatima. Akaunti ile aliifuta yeye, siku aliyofukuzwa bibi wa watu.

Nje wanaadhini Ijumaa, wenziwe wameshateremka. Yeye akabaki kitini. Hofu alikuwa nayo, lakini haya ilimzidi, hata kuinua uso kukitazama kioo cha kompyuta hakuweza. Akanong'ona, "Bi Mwatima."

Kioo kikaandika: Naam.

Akaita tena. Naam.

Mara ya tatu sauti haikutoka, midomo tu ilicheza. Naam.

"Nsamehe," akasema. "Ni mimi niliyefanya."

Taa ikazimika. Chumba kikatoweka chenyewe, pasi na amri. Likabaki faili moja lenye mistari mitatu ya Naam, na saa yake ni sita na dakika arobaini. Saa ilikuwa sawa. Tarehe haikuwa ya leo. Ilikuwa ya siku aliyofariki Bi Mwatima.

Hakuswali Ijumaa. Alikwenda moja kwa moja mtaa wa Amani, kwa Sumaiya, bintiye marehemu, akapiga hodi mara tatu. Sumaiya akafurahi kumwona. Akamtandikia mkeka, akamwekea kahawa na kashata, akamshukuru kwa kumbeba mamake siku ya maziko. Abdulhakim alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kabla hajafungua kinywa, mwanamke akaanza mwenyewe kumkumbuka mamake. Alisema siku aliyofariki, mama alikuwa ameshanyamaza tangu alfajiri. Mchana, kabla roho haijatoka, akafumbua macho.

"Akaitika, kaka. Naam, mara tatu. Ya mwisho akiwa kama anatabasamu. Na chumbani tulikuwa kimya, hakuna aliyemwita." Akashusha sauti. "Mpaka leo najiuliza aliitwa na nani."

Abdulhakim akaweka kikombe chini.

"Aliitwa na mimi," akasema.