Lita Mbili za Ziada

Injini ilianza kugonga pale ambapo nguzo ya mwisho ya simu ilikuwa imeshapotea kwenye kioo cha nyuma. Mbele hapakuwa na kitu ila lami, mchanga, na hewa ya joto iliyokuwa ikichezacheza juu yake. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, tatata, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Fundi aliusikia kabla gari lenyewe halijasema neno. Alilegeza mguu kidogo, akakaza macho barabarani na kujitia hajasikia kitu.

"Nini hicho kinagonga?" mama mkwe wake aliuliza.

"Petroli, mama. Ile ya kituo cha mwisho, wameichanganya."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakuwa na hakika hata chembe, lakini mbele ya mkwe mtu hujikaza.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwa shida. Gari la michezo la kitajiri halikutengenezwa kwa ajili ya mama wa makamo mwenye mizigo. Kiti kilikuwa chini mno, magoti yake yalikaribia kidevu, na mapajani alikuwa amepakata beseni jipya la kumwogeshea mtoto. Ndani ya beseni mlikuwa na nepi na chupa ya chai aliyoijaza supu. Supu hiyo ilikuwa ya binti yake, na tangu alfajiri alikuwa ameshasema mara tatu kwamba haifunguliwi na mtu.

Binti huyo, mke wa Fundi, alikuwa amelazwa katika hospitali kubwa ng'ambo ya jangwa. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza, na kondo la nyuma lilikuwa limekaa vibaya, limeziba njia ya mtoto. Daktari alikuwa amepiga simu kabla ya jua kuchomoza. Wangempasua kesho yake asubuhi, na damu yake ilikuwa ya kundi adimu ambalo hospitali haikuwa na hata mfuko mmoja. Mama yake alikuwa na damu hiyohiyo. "Mleteni leo," daktari alisema, "na njiani anywe maji. Mtu aliyekauka hatoi damu."

Basi lilikuwa limeondoka jana yake. Pikapu ya Fundi ilikuwa gerejini bila injini, kwa sababu injini yenyewe ililala vipandevipande juu ya meza, jambo lililowachekesha majirani mwezi mzima. Lililobaki lilikuwa gari la mteja, lililoletwa kubadilishwa breki. Fundi alimpigia simu mwenye gari, naye hakufikiri mara mbili. "Chukua, ndugu yangu. Ila lisikilize. Hilo linajipima lenyewe. Likikuambia subiri, subiri."

Sasa lilikuwa likigonga. Fundi alijua kwamba magari haya yana sikio lake ndani ya chuma. Likisikia injini inagonga, hupunguza nguvu lenyewe ili lisijiue. Na kweli, alikanyaga, gari likagoma. Mwendo ulishuka, ukashuka tena. Moshi mweupe unaoelekea buluu ulitanda nyuma yao. Halafu taa nyekundu ya oili ikawaka, na ule mlio wa ukucha ukageuka kuwa wa nyundo.

Fundi alizima injini papo hapo. Aliliacha gari liserereke hadi pembeni, kwenye mchanga mgumu uliolala sawa, likasimama.

"Umezima?"

"Nimezima, mama. Nikiendelea, injini itasagika."

"Mwanangu anangoja kupasuliwa, wewe unazima gari!"

Fundi alitoka, akalala kifudifudi, akachungulia chini. Hapakuwa na tone. Oili haikuwa imevuja. Alibaki shavu mchangani, jua likimchoma kisogo, na hapo ndipo alipokumbuka alichokifanya alfajiri.

Magari ya zamani yana kijiti. Unakichomoa, unakifuta, unakitumbukiza, unajua oili iko wapi. Hili halikuwa na kijiti. Oili yake hupimwa na kifaa cha ndani, na jibu huja kwenye kioo cha dashibodi. Kule uani kwa Fundi, ambako gari liliegeshwa mteremkoni na injini ikiwa baridi, kioo kilikuwa kimeandika: Kipimo hakipatikani. Subiri injini ipate joto, mahali tambarare. Fundi alikuwa amesonya. Miaka yote, kabla ya safari ndefu, yeye huongeza kidogo, na hakuna gari lililowahi kumlalamikia. Basi alikuwa amefungua kifuniko na kumimina lita mbili, kwa usalama.

Aliinuka, akapangusa mchanga usoni.

"Oili imezidi," alisema.

"Imezidi? Na kuzidi nako ni ugonjwa?"

"Ikizidi, mhimili wa injini unaipiga kama unavyopiga mayai. Inakuwa povu. Pampu inavuta povu, na povu haliwezi kutenganisha chuma na chuma. Ndiyo maana vinagongana."

"Nani aliizidisha?"

"Mimi."

Mama alimtazama. Tangu siku ya harusi hakuwahi kumwita jina lingine zaidi ya Fundi, na alilitamka kama mtu anayetaja deni. Sasa hata hilo hakulitamka.

"Basi ipunguze," alisema.

Kusema ni rahisi. Nati ya kumwagia oili ilikuwa chini ya injini, na kati ya gari na mchanga hapakupita hata kandambili. Jeki haikuwamo. Magari ya namna hii hayabebi jeki wala tairi la akiba, yana kichupa tu cha kuzibia pancha. Fundi alikuwa na mfuko wake wa spana, maana bila huo haendi hata msibani. Alifungua kibao cha namba cha mbele, akapiga magoti, akaanza kuchimba nacho mchanga wa chini ya injini ili apate pa kupita. Mama alisimama akimtazama. Kisha alijifunga khanga kiunoni, akafungua kibao cha nyuma, akaanza kuchimba upande wa pili.

Walikuwa na chupa moja ya maji, nayo ilikuwa imeshafika nusu.

"Kunywa, mama," Fundi alisema kila walipopumzika. "Daktari amesema."

"Na wewe?"

"Nitakunywa."

Fundi aliipokea, akaiinua, koo likapanda na kushuka, akairudisha. Joto lilikuwa likitoka juu na likitoka chini. Midomo yake ilianza kupasuka. Mara ya tatu mama aliipokea chupa, akaiinua usawa wa macho na kuitazama dhidi ya jua.

"Fundi, hii chupa unainywa au unaibusu?"

"Nimekunywa, mama."

"Maji yako palepale nilipoyaacha. Unadhani ni wewe peke yako unayejua kupima?"

"Wanataka damu yako, mama. Yangu hawaitaki."

Mama aliifunga chupa, akaiweka kivulini, akaendelea kuchimba kwa hasira zaidi kuliko mwanzo. Fundi hakujua hasira hiyo ilikuwa ya nani.

Shimo lilipofika urefu wa mtu aliyelala, upepo ulikuwa umeanza kubeba vumbi. Upeo wote wa mashariki ulikuwa na rangi ya kutu. Fundi alitambaa chalichali chini ya gari na tochi mdomoni. Alifungua skrubu za bamba la chini moja baada ya nyingine. Mama alilipangusa beseni kwa nepi, akalisukuma kwake.

"Likinge upande wa upepo kwa nepi nyingine," Fundi alipaza sauti. "Punje ya mchanga ikiingia kwenye oili, tumekwisha."

"Hizi nepi ni za mjukuu wangu."

"Mama!"

"Nimelikinga."

Injini ilipaswa kupoa zaidi, lakini vumbi lilikuwa likija na mchana ulikuwa ukienda. Kwa mara ya pili siku hiyo Fundi hakusubiri. Nati ililegea, akaizungusha kwa vidole, oili ikaruka ikiwa moto na kumshukia kifundo cha mkono. Alipiga ukelele, lakini hakuiachia nati. Aliiacha oili iporomoke mpaka beseni likafika nusu, akairudisha nati, akaikaza. Alilisukuma beseni nje na mama akalivuta taratibu, akilikinga kwa mwili wake lisiingie vumbi.

Ukingo wa shimo ulikatika wakati huohuo. Gurudumu la mbele lilizama, gari likashuka taratibu, na chuma kikamkalia Fundi kifuani. Hewa ilimtoka. Alijaribu kuita, sauti haikuja. Aliona mwanga mwembamba pembeni na miguu ya mama mkwe wake, na moyoni alimwona mke wake akisubiri watu wasiofika.

Mama alilitua beseni chini, akalifunika kwa nepi, akajitupa mchangani. Mkwe hamshiki mkwe miguu. Mama alimshika yote miwili, akaizungushia mikono, akaukita mguu wake kwenye tairi na kuvuta huku akitukana gari, jangwa na mafundi wote duniani. Shati la Fundi lilichanika. Ngozi ya kifua ilichanika nalo. Kisha bega likapita, akatoka mzima, wakabaki wamelala bega kwa bega wakihema.

"Umeumia?"

"Kidogo."

"Nyanyuka, basi. Oili inapoa."

Ilibidi wapate cha kupimia. Oili haiwezi kukisiwa, na Fundi alikuwa ameshakoma kukisia. Aliitazama chupa ya chai. Mama naye aliitazama. Chini yake palikuwa na chapa ya kiwandani: lita moja.

"Supu ya mwanangu," mama alisema, na sauti yake ilikatika kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Aliketi, akafungua kifuniko, akamimina kikombe na kukinywa chote. Akamimina cha pili, akamnyooshea Fundi. "Hiki hutakibusu. Nakuangalia."

Fundi alikunywa. Machozi yalimtoka, na hakujisumbua kuyafuta. Waliimaliza supu kwa zamu, kisha mama akaikausha chupa kwa nepi ndani na nje, wakachota oili kutoka kwenye beseni. Chupa ya kwanza waliimwaga mchangani. Ya pili wakaimwaga. Iliyobaki waliirudisha kwenye injini, chupa kwa chupa, mama akiwa ameitanda khanga juu ya boneti iliyofunguliwa kuzuia vumbi. Gurudumu lililozama walilitandikia makapeti ya sakafuni, na vile vibao viwili vya namba navyo vikaenda chini yake.

Fundi aliingia ndani, akaweka kidole kwenye kitufe, akakiondoa.

"Unangoja nini?" mama aliuliza.

"Povu litue."

Wakangoja. Vumbi lilipiga vioo. Mama alisokota pindo la khanga, akalisokotoa, akalisokota tena. Kila sehemu ya mwili wa Fundi ilitaka kubonyeza kitufe, na alijizuia mpaka aliposhindwa kukumbuka ameanza lini kungoja.

Alibonyeza. Injini ilinguruma na kugonga mara moja, mara mbili, mara tatu. Mama alifumba macho. Halafu mlio ukafifia, ukaisha, na taa nyekundu ikazimika. Kwa upole Fundi alilitoa gari juu ya makapeti hadi kwenye lami tambarare, akaliacha lingurume. Kioo kikaandika: Subiri.

"Twende basi!" mama alisema.

"Limesema tusubiri, mama."

Walikaa wakitazama kioo kile, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Hatimaye mstari wa kijani ulipanda, ukasita, ukasimama katikati ya alama mbili. Fundi alishusha pumzi na kuingiza gia.

Aliendesha polepole, sikio likiwa kwenye injini njia nzima. Gari lililotengenezwa kukimbia lilitambaa jangwani kama mkokoteni, likipitwa na vumbi. Mama alikunywa maji kidogokidogo mpaka chupa ikabaki tupu, na kila mara alimwonyesha Fundi ilipofika. Taa za mji zilipoonekana mbele, jua lilikuwa limezama, na wote wawili walianza kuongea kwa pamoja bila kusikilizana.

Hospitalini muuguzi alimdunga mama kidole, akapima, akaitazama khanga yake iliyojaa oili na beseni jeusi alilokumbatia. "Mama, umetoka wapi?"

"Garini," mama alisema. "Damu inafaa au haifai?"

"Inafaa. Utakunywa maji kwanza, kisha tutakutoa damu."

Kulipokucha walikuwa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Mama alikuwa na pamba mkononi, Fundi akiwa na bendeji kwenye kifundo na midomo iliyokauka kama maganda. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikwenda mlangoni, akarudi.

"Kaa, Fundi. Jana si uliweza kungoja?"

"Jana lilikuwa gari, mama."

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi yuleyule alitoka akiwa ameshusha barakoa, na kabla hajasema, sauti nyembamba yenye hasira ilimfuata kutoka ndani, ikilia kwa nguvu zote. "Ni wa kike. Mama yake yuko salama. Ule mfuko wako wa damu ulitumika wote, bibi."

Fundi alichomoka kwenda mlangoni, lakini mkono ulimshika shati. Mama mkwe wake alikuwa analia waziwazi, na katika mkono ule mwingine alishika glasi ya maji iliyojaa hadi mdomoni.

"Kwanza hii, mwanangu," alisema. "Mpaka chini. Naangalia kipimo."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akanywa, na mama akayafuata maji kwa macho mpaka tone la mwisho.