Mwanya wa Mlango wa Nyuma

Jua lilikuwa linazama nilipoingia kwa mama na mkoba wangu wa kazi. Ndani nilikuwa na futi, pimamaji, penseli mbili na kopo la unga wa chaki. Nilikwenda kupima nyumba tu. Nilitegemea nimalize kabla chai haijapoa.

Kaka yangu alikuwa ameshasema neno lake, na kaka akishasema huwa harudii. Miguu ya mama imechoka, alisema. Mbele kuna ngazi, milango ni myembamba, bafu linateleza, na baridi inaingia kila pembe huku hita ikila umeme mchana kutwa. Ama nyumba itengenezwe mpaka yeye mwenyewe aikague aridhike, ama mama ahamie kwake ghorofani, alale chumba kimoja na wajukuu. Mama alimjibu kwa upole kwamba atatoka kwenye nyumba ile akiwa amebebwa. Hakuwa anatania.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumbakisha mama kwake. Mimi ni fundi, wa ujenzi na wa mbao, na ufundi wangu wote nimeupata kwa baba. Baba alikuwa na namna yake ya kupima nyumba ya mtu mzima. Hakuanza na futi. Alimpaka mwenye nyumba chaki viganjani, akamwambia atembee kama anavyotembea siku zote, aende bafuni, aende jikoni, arudi kitandani. Mtu akichoka mkono wenyewe hutafuta ukuta. Palipobaki alama ya kiganja, hapo ndipo baba alipofunga chuma cha kushikia.

Miaka yake ya mwisho macho yalimzima, naye akawa anatembea hivyohivyo, kwa kupapasa kuta, tangu karakana yake uani mpaka kitandani. Kisha akafariki. Baada ya mazishi nilizipaka kuta zote rangi mpya kwa mkono wangu, kwa sababu zilikuwa zimejaa weusi wa viganja vyake na mama alikuwa akipita hapo analia.

"Leta mikono, Mama."

"Utanichafulia gauni."

"Nitalifua."

"Unasema hivyo tangu hujaota meno," akasema, lakini akanipa viganja.

Alikwenda bafuni, akaacha alama pembeni ya sinki na mbili karibu na choo. Jikoni akashika ukingo wa meza. Nilimfuata nyuma na penseli, naye alikuwa akiyumba kiasi cha kunitia huruma. Mama aliyekuwa akinibeba mgongoni na ndoo mkononi sasa alikuwa anavuka jikoni kwa woga.

Halafu akaingia kwenye korido.

Korido ile ni ndefu, inatoka jikoni hadi mlango wa nyuma, na jioni huwa na kiza kabla ya vyumba vingine. Nilisimama nikamwangalia akienda. Alipita katikati. Hakugusa ukuta hata kidogo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuliwa kidogo, umekunjwa kiwiko, na alikuwa anatembea wima... vizuri kabisa, kama bibi harusi.

Alifika mlangoni, akageuka, akarudi.

"Mama, kwenye korido hushiki kitu?"

"Nashika."

"Unashika wapi?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jina lake. "Ninaposhika siku zote."

Nilichukua kitambaa nimfute mikono. Kiganja cha kulia kilikuwa bado na chaki. Cha kushoto kilikuwa kimefutika. Nikaangalia gauni lake, halina hata vumbi.

Nikawasha taa ya korido.

Ukutani kulikuwa na viganja vyeupe, vimepangana toka mlango wa nyuma kuja jikoni. Vilikuwa vikubwa, vimefika usawa wa bega langu. Na kwenye kila kiganja kidole cha pete kilikuwa kimeishia katikati.

Msumeno ulimkata baba kidole kile nikiwa bado shule ya msingi. Mimi ndiye niliyekimbilia kitambaa.

Kulikuwa na harufu ya gundi ya mbao. Karakana ilikuwa imefungwa tangu msiba.

"Usimwambie kaka yako," mama akanong'ona. "Atasema nimechanganyikiwa. Atanichukua."

 Nilimaliza kumfuta mikono kwa kitambaa.

"Na mlango wa nyuma usiuguse, mwanangu. Kingine chochote fanya utakavyo."

Mlango huo ulikuwa umepinda siku nyingi. Chini yake palikuwa na mwanya wa kupitisha kiganja. Baba, macho yalipozima, alikataa katakata usirekebishwe. Akitoka karakana jioni alifuata ukuta wa nje kwa mikono, na alipofika mlangoni joto la nyumba lilimpuliza miguuni kupitia mwanya ule. Hapo akajua amefika. Tulikuwa tunamcheka kwamba ni fundi pekee anayeishi na mlango mbovu.

Nilianza kazi kesho yake. Ngazi za mbele nikazigeuza mteremko wa zege wa kupanda taratibu. Nikapanua milango, nikaweka vigae visivyoteleza bafuni, nikashusha swichi za taa ziwe usawa wa mtu aliyeketi. Juu ya dari nikatandaza sufi nene, madirishani nikaweka vioo viwiliviwili. Vyuma nikavifunga palepale mama alipoacha alama. Kisha nikapita na mshumaa kila pembe, na kila mwali wake ulipolala kwa upepo nikaziba. Nyumba ikaanza kutunza joto lake, na hita ikawa inapumzika.

Mwali ulibaki unalala sehemu moja tu.

Kaka akapiga simu. "Fundi, nakuja kesho. Nitapitisha mkono chini ya kila mlango, na mama nitamtembeza nyumba nzima. Nikisikia upepo, au nikimwona anayumba, naondoka naye."

Ningeweza kusema niliuziba mwanya ule kwa sababu ya kaka. Ni kweli, lakini si kweli yote. Niliogopa. Nilimlilia baba mwaka mzima, nikatamani hata nimsikie akikohoa tu, na alipokuwa pale kwenye korido, hatua chache kutoka jikoni, niliogopa na kutaka aondoke. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama alikuwa bafuni anaoga, ameketi kwenye kiti chake kipya. Nikapiga randa chini ya mlango, nikaunyoosha, nikafunga utepe wa mpira. Kwenye korido nikafunga vyuma pia, pande zote mbili. Nikawasha mshumaa. Mwali ukasimama wima.

Magharibi ikaingia. Mama akatoka, akaelekea kwenye korido kama kawaida yake. Akasimama pale mwanzoni, akainua mkono wa kushoto, akasubiri.

Hakuna aliyeupokea.

"Shika chuma, Mama. Kiko hapo karibu."

Hakushika. Mkono ulibaki hewani.

Kisha tukasikia. Nje, kwenye ukuta wa nyuma.

Pa... pa... pa...

Kiganja. Kinapapasa taratibu, kinatoka upande wa karakana. Kikafika mlangoni. Kikapita.

Kikaendelea mpaka pembe ya nyumba, kikasita, kikarudi.

Pa... pa...

"Umeziba," mama alisema.

Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea.

"Mama, kaka atakuchukua..."

"Hajui amefika. Mfungulie."

Nilitakiwa kufungua mlango tu. Kitasa kilikuwa mbele yangu. Kulia mwa mlango mkono ukagonga ukuta, sasa kwa haraka, kama mtu aliyepotea sokoni anayeanza kuelewa kwamba amepotea. Ukapita tena. Nilisikia mbao za mlango zikikwaruzwa, nikasikia pumzi. Mama alianza kutembea peke yake kwenda mlangoni, akayumba, nami nikamkumbatia nisimwachie. Nilimwambia ataanguka. Ukweli ni kwamba nilikuwa namzuia.

Sauti zile za kupapasa zikazunguka nyumba nzima. Zikapita chini ya dirisha la jikoni, zikapita sebuleni. Nilikuwa nimeziba nyufa zote vizuri mno, hakuna palipopitisha pumzi. Zikafika kwenye mteremko mpya wa mbele, mahali asipopajua, ambapo zamani palikuwa na ngazi.

Hapo zikanyamaza.

Kaka alikuja asubuhi. Alipitisha mkono chini ya kila mlango, akagonga vyuma, akakagua bafu, akacheka kwa furaha. Mama alitembea mbele yake kwenye korido ameshika chuma kwa mikono yote miwili, hatua kwa hatua, kichwa chini. Kwa usiku mmoja alikuwa amezeeka kuliko kwa mwaka ule wote.

"Umeona, Mama?" kaka alisema. "Sasa unajitegemea. Fundi, kazi yako safi. Abaki."

Alipoondoka nilichukua patasi, nikaung'oa mpira, nikakata chini ya mlango mpaka mwanya ukawa kama zamani. Jioni mama aliketi pale na blanketi, joto la nyumba linatoka miguuni pake kwenda nje. Hakuna aliyekuja.

Siku iliyofuata jirani mshonaji alinisimamisha njiani.

"Fundi, nani anachezea kuta za watu? Njoo uone kwangu."

Ukuta wa nyumba yake ulikuwa na viganja vyeupe, vimezunguka pande zote, vimepita kila dirisha na kila mlango. Vimetafuta. Kwenye nyumba iliyofuata vilikuwepo, na ya baada yake. Watu walilaumu watoto. Mmoja alikuwa akivisugua kwa brashi na sabuni, na nikataka kumwomba aache, lakini ningemwambia nini?

Tangu hapo kila magharibi natoka na tochi, nafuata kuta. Naweka kiganja changu juu ya alama zake nione zimeelekea wapi. Nimeacha kuogopa. Naita kwa sauti ndogo, "Baba, huku. Rudi huku." Watu wanadhani ni huzuni imenizidi, na hawajakosea.

Mara moja, kwenye uchochoro nyuma ya kiwanda cha matofali, niliweka mkono ukutani na chaki ikabaki kwenye ngozi yangu, ilikuwa mpya. Ng'ambo ya ukuta nilisikia... pa... pa... Nilikimbia kuzunguka. Nilipofika palikuwa na harufu ya gundi ya mbao tu.

Jana alama nilizikuta mbali zaidi, kwenye ghala ng'ambo ya barabara kuu. Huko nyumba zinaanza kuwa chache. Mbele kidogo hakuna kuta tena, na sijui mtu anayeenda kwa kupapasa atashika nini.

Nilirudi kwa mama nikiwa na vumbi mpaka magotini. Alikuwa palepale kwenye korido, amesimama kati ya vyuma vyangu viwili, hakushika hata kimoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umeinuliwa. Kiganjani alikuwa amejipaka chaki mwenyewe.

"Umemsikia leo?" akauliza.

"Nimemsikia, Mama."

"Yuko mbali?"

Nilipiga magoti nikaweka mkono kwenye mwanya. Joto lilikuwa linatoka, nyumba nzima inapoa.

"Hapana," nikamwambia. "Yuko karibu. Anakuja."