Kona ya Evodia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Evodia aliteka maji kwenye pampu ya mtaa wao, Malangali. Aliipenda kazi hiyo. Ukibonyeza mpini, maji yanaruka papo hapo, nawe unajua ni mkono wako.

Shamba halikuwa hivyo. Mvua zilipokaribia kwisha, mama yake, Cornelia, alimpa kona iliyochoka aisimamie mwenyewe. Evodia aliruka kwa furaha.

"Ilime ntumba, nyasi zioze ndani ya vilima vya udongo," mama alimwambia. "Msimu ujao mahindi yakiwa ya njano tena, baba yako atapageuza pa kufyatulia tofali."

Evodia alifyeka nyasi, akazikusanya na kuzifunika kwa udongo, mpaka vilima vidogo vikajaa kona nzima. Viganja vilitoka malengelenge. Wiki zikapita, hakuna kilichobadilika.

"Mambo, mkulima!" kaka yake, Fabiani, alimtania. "Umezika majani. Matanga lini?"

Evodia alishikwa na hasira. Akachukua jembe, akafumua kilima kimoja. Nyasi bado zilikuwa za kijani! Akafumua kingine, na kingine, nyasi zote akawatupia mbuzi. Alikuwa amemaliza nusu ya kona mama alipotokea na kumnyang'anya jembe.

"Nusu iliyobaki usiiguse," mama alisema. "Hata kwa kidole!"

Kiangazi kikapita. Mvua za kwanza zilipoanguka, walivisambaza vilima vilivyobaki, wakapanda mahindi kona nzima.

Kufikia Februari, Evodia alisimama pale mdomo wazi, wazazi wake na Fabiani nyuma yake. Upande mmoja mahindi ya njano yalimfika magotini. Upande wa pili yalikuwa kijani kibichi, yamempita kimo, mabua yamenenepa kama mpini wa jembe.

"Mvua imetubeba, mama."

"Mvua gani hiyo inayobagua? Mbegu ni moja, palizi ni moja. Upande huu una nini?"

Evodia alikunja uso, kisha akapiga kelele: "Nyasi zangu! Mama, ni mimi! Nimeyastawisha mimi!"

"Na yale ya njano?" Fabiani akauliza.

"Yale pia ni mimi," Evodia akasema.

Baba akacheka kwa sauti. "Tofali nitafyatulia kwingine. Mwezi ujao chukua na kipande kinachopakana na kona hii."

"Pampu inakujibu papo hapo, ndiyo maana unaiamini," mama alisema. "Udongo hukawia, mpaka unasahau kwamba ni wewe uliyeufanyia kazi. Jibu likichelewa, mwanangu, bado ni la mkono wako. Lisubiri."

Fabiani alikuwa ameshalichukua jembe begani. "Haya, bosi. Mazishi saa ngapi?"