Breki Achagua cha Kusomea

Breki aliendesha lori miaka thelathini na mmoja. Jina hilo alipewa na madereva wenzake, kwa sababu hakuwa mtu wa mbio. Waliomcheka kwa mwendo wake, wengine aliwakuta mbele wamekwama mtaroni.

Ndani ya lori lake hamkukosekana kitabu. Foleni ya kupima malori kwenye mizani ikiwa ndefu, wenzake walishuka kupiga soga. Yeye alisoma. Alipostaafu, alirudi nyumbani na sanduku zima la vitabu. Kila asubuhi, baada ya chai, aliketi kwenye kiti cha dirishani na kusoma.

Kisha akapata kiharusi. Alitibiwa, akafanya mazoezi. Ulimi ukarudi, miguu ikarudi. Lakini mkono wa kulia ulibaki mlegevu. Akifungua kitabu, kinajifunga. Akitaka kufunua ukurasa, kinaanguka. Na herufi zenyewe zilikuwa zimeanza kumkimbia.

Baada ya miezi miwili, hakuinama tena kukiokota. Aliketi pale pale dirishani, akitazama nje.

"Unaona nini hapo?" mkewe alimuuliza siku moja.

"Ukuta wa jirani."

"Na jana?"

"Jana pia ulikuwa hapo hapo."

Mkewe alicheka. Alipofika jikoni, alifuta machozi.

Binti yao alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa mtaa wa pili. Naye aliumia kumwona baba yake hivyo.

"Siku hizi watu wanasoma kwenye kioo," alisema. "Nitakununulia tableti, Baba. Kubwa kama sinia!"

"Azima kwanza tuone," mama yake alisema.

"Cha kuazima hakisitiri, Mama."

"Hatutafuti cha kujisitiri. Tunatafuta cha kusomea."

Msusi akaazima tableti kwa rafiki yake. Breki akaipokea kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa nzito. Mwanga wa dirisha uligonga kioo, akaona uso wake mwenyewe badala ya maneno. Hajamaliza ukurasa, ujumbe wa mwenye tableti ukatokea. Mtu alikuwa anauliza kama harusi imeahirishwa.

"Harusi ya nani?" Breki aliuliza.

"Si yetu, Baba. Endelea tu."

Mchana alijilaza, akajaribu tena. Mkono ukachoka. Tableti ikamwangukia puani.

"Ondoeni kitu hiki," alisema. Hakupaza sauti. "Nimesoma vya kutosha. Kusoma kwangu kumekwisha."

Hakuna aliyecheka.

Jioni ile msusi alikuwa anamsuka jirani yao, mwanamke mkutubi anayefanya kazi maktaba. Akamsimulia yote.

"Mlimuuliza?" mkutubi aliuliza.

"Tulimuuliza nani?"

"Mzee mwenyewe. Mlimuuliza anataka nini?"

Kitana cha msusi kilisimama katikati ya nywele.

"Mmenunua viatu, mguu mmeuacha nyumbani," mkutubi alisema. "Kesho nitapita."

Kesho yake alifika. Hakuzungumza na mama wala binti. Alivuta kigoda akaketi mbele ya Breki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mkono upi una nguvu?"

Breki akamtazama. Tangu augue, watu walimuuliza kama amekula na kama amemeza dawa. Swali hili lilikuwa jipya.

"Kushoto," alijibu.

"Unapenda kusomea wapi?"

"Hapa dirishani. Na mchana, nikijilaza."

"Vitabu vya picha?"

"Hadithi. Picha za nini? Dunia nimeiona kwa macho yangu."

"Umeme hapa hukatika?"

"Uliza ni lini haukatiki," mkewe alidakia.

Mkutubi akacheka. "Basi tableti haikufai, mzee. Ni nzuri kwa video na picha. Lakini kipo kifaa kingine cha kusomea vitabu tu. Maktaba tunavyo viwili vya kujaribia. Njoo uvishike mwenyewe."

"Na macho yangu je?"

"Kifaa si daktari. Kama hujapimwa macho mwaka huu, pita kliniki kwanza."

Breki alipimwa, akapewa miwani mipya. Kisha yeye, mkewe na binti yao wakaenda maktaba.

Mkutubi aliweka vifaa viwili mezani. Kimoja kilikuwa kipana, kinameremeta. Cha pili kilikuwa kidogo, cheusi, kina vitufe viwili pembeni. Msusi akakishika kile kipana.

"Hiki, Baba! Kina hata rangi."

"Mwache mwenye mkono ajaribu," mama yake alimwambia.

Breki alikishika kile kipana. Mkono ukaanza kutetemeka. Akakirudisha. Akachukua kile kidogo. Kidole gumba cha kushoto kilifika kwenye kitufe bila shida. Akabonyeza. Ukurasa ukafunuka. Akabonyeza tena. Ukafunuka.

"Kitoe nje kwenye jua," mkutubi alisema.

Alisimama mlangoni. Maneno yalibaki meusi, wazi, kama kwenye karatasi.

"Mbona hakimuliki machoni?"

"Kioo chake kimetengenezwa kifanane na karatasi. Hakikutupii mwanga kama simu. Ndiyo maana hata chaji yake hukaa wiki kadhaa. Sasa herufi. Gusa hapa."

Herufi zikakua. Zikakua tena.

"Basi, basi!" Breki alisema. "Hizi sasa ni za ubao wa barabarani."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Vitabu nitavitoa wapi?" aliuliza.

"Swali zuri. Vifaa vingine hufungua vitabu vya duka moja tu. Kabla ya kununua, uliza: kitafungua vitabu vya maktaba? Kuna vitabu vya Kiswahili? Vyetu hufunguka kwenye hiki kidogo. Na dukani mkiwashe mbele ya muuzaji. Angalieni kama kioo kina mistari, mbonyeze kila kitufe. Mnunue na kava lake. Kioo hiki kikikaliwa, kwaheri."

Msusi alinunua kifaa kama kile kidogo, baada ya kukiwasha na kubonyeza kila kitufe. Mkutubi akawaonyesha jinsi ya kuingiza vitabu.

Siku za kwanza Breki alipotea humo ndani. Alibonyeza pasipotakiwa, akajikuta sura ya mwisho. "Nimemjua mwizi kabla hajaiba!" alilalamika. Lakini hakukiweka chini. Wiki ya tatu alikuwa anasoma asubuhi yote.

Mkewe hakuwa msomaji. Siku moja, akichambua mchele, alisema, "Soma kwa sauti basi, nami nisikie." Breki akasoma. Mwanamke wa hadithi alikuwa amesimama kituoni, akimngoja kaka aliyepotea miaka kumi. Treni ikaingia. Mchele ukasahauliwa kwenye ungo.

"Nakwenda sokoni," mkewe alisema hatimaye. "Usiendelee bila mimi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Aliporudi, alimkuta Breki ameegemea dirisha, kifaa mkononi, macho yamelowa.

"Umeendelea!"

"Kidogo tu."

"Breki! Kaka yake alishuka?"

Breki alibonyeza kitufe, ukurasa baada ya ukurasa, akirudi nyuma mpaka treni ikawa bado haijasimama. Kisha akamsogezea mkewe kiti.

"Kaa," alisema. "Nitakusomea."